Mama kapinda mdomo, nyie bado mnamchua?

Nipo chumba cha picha cha hospitali hapa Moshi, maswali ya kiharusi na picha za ubongo ni yale yale kila wiki, nayajibu hapa.

MRI ya mtiririko wa damu ndo nini?
MRI ni mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Ya kawaida inaonyesha ubongo ulivyo, hii inaonyesha damu inafika wapi na kwa kasi gani. Unachomwa dawa inaitwa gadoliniamu kwenye mshipa wa mkono, mashine inaifuatilia ikipita kichwani, ni sekunde chache tu. Inapochelewa au isipofika, ndo penye shida.

Lazima sindano?
Sio lazima. Kuna njia mashine inatia alama maji yaliyomo kwenye damu pale shingoni, inasubiri damu ipande ndo inapiga picha. Inawafaa wenye figo mbovu, kwa hiyo figo zikisumbua SEMA, na kama una betri ya moyo sema kabla hujaingia, sio ukishalala mule. Mionzi hamna, makelele tu.

Mama kapinda mdomo ghafla, mkono hauinuki, apumzike kwanza?
HAPANA. Hospitali sasa hivi, hicho ni kiharusi. Ubongo unapata kama mililita 50 za damu kwa gramu 100 kila dakika, ikishuka chini ya 20 sehemu ile inazima ila haijafa, ikifika 10 kushuka chini inakufa. Ile iliyozima ndo tunayoitafuta kwenye picha maana ndo ya kuokoa, na inapungua huku mnabishana nani alipie teksi. Sindano ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida mwisho masaa manne na nusu.

Jirani anasema upepo mbaya, tumchue?
HAPANA tena. Juzi kaletwa bibi toka Rombo, kapooza Jumapili kaja Jumatano, mkono wa kulia unateleza mafuta ya karafuu mpaka plasta ya sindano haishiki, binti yake kachupa bado anako kwenye pochi. Picha ikaonyesha upande wa kushoto wa ubongo umeshakufa.

Asprini je, au uji?
Hapana na hapana. Kama mshipa umepasuka asprini inaongeza kuvuja, na uji utampalia.

Akirudi sawa baada ya dakika 20?
Mlete hivyo hivyo, kinachofuata kinaweza kuwa kikubwa. Na mtazame saa ilipoanza, hilo ndo swali la kwanza mkifika halafu ndugu sita mnabaki kutazamana.