Gari Jeupe Lililochakaa: Rangi Naihurumia, Taa Sizihurumii

Mwalimu mmoja mstaafu wa Likoni aliniletea Toyota Corolla NZE yake nyeupe, tayari ameambiwa dawa ni kupiga rangi upya gari zima. "Mwanangu, limekuwa kama meno ya mla tambuu." Nikapitisha kiganja juu ya boneti, kikarudi na unga mweupe. Chaki tupu. Akacheka, maana chaki anaijua.

Unga ule si uchafu. Jua limekula gundi inayoshika rangi, ikabaki poda inayoipa weupe. Kilichokufa ni ngozi ya juu tu. Kwenye kibati chini ya boneti nikasoma namba ya rangi, 040. Weupe huo wa Toyota mara nyingi haupigwi klia (tabaka angavu la kulinda rangi) juu yake, kwa hiyo pedi ya polishi ikigeuka nyeupe usishtuke. Ni rangi yenyewe. Kwa gari lenye klia, pedi ikitoka na rangi ujue umeshatoboa.

Yale madoa ya kahawia nayo wengi huyaita kutu ya bodi. Mengi ni chembe za chuma kutoka kwenye breki, zimejichomeka kwenye rangi, zikashika kutu kwa hewa yetu ya chumvi. Vaa mfuko wa plastiki wa mkate mkononi, pitisha vidole juu ya bodi iliyooshwa: utasikia kama mchanga. Nikapuliza dawa ya kuyeyusha chuma, ikageuka zambarau na kuchuruzika mlangoni kama juisi ya zambarau. Nikasuuza, nikapitisha udongo laini wa kusafishia rangi, kwa maji ya sabuni, ung'oe chembe zilizobaki.

Hapo nusu ya ukahawia ule ilikuwa imeondoka na mashine sijaigusa. Kompaundi kali, ile dawa nzito ya kukwangua rangi, sikuitoa kabisa. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, huwa kiasi cha maikroni 100 hadi 150 (maikroni elfu moja ni milimita moja), na kwenye kingo za milango ni nyembamba zaidi; kingo nikazibandika tepu. Polishi laini, raundi mbili, kisha nta. Kazi hii naianza alfajiri kivulini, maana ikifika saa tano bati la gari hapa Mombasa linakausha kila dawa kabla hujaifuta.

Taa ndizo kinyume chake. Zile ni plastiki, na kiwandani zilipakwa ngozi ngumu ya kuzuia jua. Ngozi hiyo ikishaoza, ndiyo hiyo njano unayoiona. Mtu alikuwa amezisugua kwa dawa ya meno. Ziling'aa, wiki chache tu zikarudi vilevile. Hapa hakuna huruma: msasa wa maji namba 800, kisha 1000, 2000, 3000, kila namba nageuza upande wa kusugua ili nione mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha. Maji ya mwanzo yalitoka ya manjano kama ya biriani. Yalipokuwa meupe matupu nikajua ile ngozi mbovu imekwisha.

Ukiishia hapo umemharibia mteja. Plastiki sasa iko uchi, na jua la Pwani halisubiri. Nikaifuta kwa spiriti, nikaipiga klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), nimevaa barakoa yenye chujio la kemikali. Ile ya kitambaa haizuii mvuke wake. Siku ya manyunyu siipigi, unyevu huifanya iwe na ukungu.

Sharti nililompa ni moja: asioshe kwa maji ya kisima cha chumvi na kuliacha likauke juani. Na kinyesi cha kunguru akiroweshe mara moja, asikisugue kikavu.

Alipokuja jioni akalizunguka mara mbili, akasimama nyuma. "Na bampa hili, mbona bado si weupe mmoja na bodi?" Nikamwambia kweli: bampa ni plastiki, rangi yake ni nyingine na imezeeka kivyake. Hilo ni la fundi wa rangi, peke yake.