Mhitimu wa sosholojia, tafuta kazi kwa jina la kazi

Kila tangazo la ajira linapotoka, kitengo chetu cha ushauri wa ajira chuoni hupokea lalamiko lilelile kutoka kwa wanafunzi wa sosholojia: "Mbona sisi hatumo?" Mara nyingi mmo. Mlalamikaji ametafuta neno "mwanasosholojia", hakuliona, akaacha kusoma.

Serikalini hapa Tanzania, kada ya kwanza kuitazama ni Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II, kwa kuwa sosholojia hutajwa miongoni mwa fani zake. Afisa huyu ndiye hushughulika na vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lazima ajue kama kikundi ni kikundi kweli, au ni shangazi na wapwa zake walioandikishana majina jana. Kwa kazi hiyo, mlichosoma kuhusu ukoo na kaya kina thamani kubwa. Kada nyingine, kama ustawi wa jamii, zina masharti yake. Soma sifa neno kwa neno, usitegemee muhtasari wa WhatsApp.

Nje ya serikali, fuatilieni miradi inayogusa ardhi. Bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, na katika njia hiyo kuna mashamba, nyumba na makaburi ya watu. Mtu lazima aende kuhesabu kaya, kueleza fidia na kupokea malalamiko. Nafasi hizo huitwa uhusiano wa jamii, au tathmini ya athari za kijamii. Taasisi za utafiti wa afya nazo huhitaji wanaojua kuongoza mahojiano ya kikundi na kujaza dodoso kwenye kishikwambi. Kwa hiyo nashindwa kumwelewa mwanafunzi anayemlipa mtu amwandikie utafiti wa mwaka wa tatu: anauza kitu pekee atakachoulizwa kwenye usaili. Anayetamani kufundisha chuo kikuu ajue kuwa nafasi ya msaidizi wa mafunzo huhitaji GPA (wastani wa alama za shahada) ya 3.8, na haipandi ghafla muhula wa mwisho.

Sasa maombi. Ya serikali hutumwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, bila malipo. Anayedai ana mtu wa ndani anakuomba rushwa, na chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Kughushi cheti ni kosa la jinai. Adhabu yake ya jumla katika Kanuni ya Adhabu ni kifungo cha hadi miaka 7. Barua itiwe saini. Pakia cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na cha shahada, na si matokeo ya muda.

Haya hayamaanishi kila mhitimu ataajiriwa. Nafasi ni chache kuliko waombaji. Ila inauma kuona mtu mwenye uwezo akiondolewa kabla ya usaili kwa sababu cheti kimoja kinasema Mwajuma na kingine Mwanajuma. Majina yakitofautiana, shughulikia hati ya kusahihisha jina na uisajili ukiwa bado mwaka wa pili. Tangazo likishatoka, siku zake huwa hazitoshi kumaliza hatua hizo.