Bunduki zikinyamaza, vita vimekwisha?

Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani, Tanga, redio ikitangaza kwamba mapigano yamesitishwa mahali fulani, wengi huchukulia kuwa vita hivyo vimekwisha. Si ajabu: milio imekoma, watu wanarudi makwao.

Ila kusitisha mapigano huzuia risasi tu. Ugomvi wenyewe humalizwa na mkataba wa amani, nao waweza kuchelewa sana. Vita vya Korea vilisitishwa tarehe 27 Julai 1953 (Korea Kusini yenyewe haikusaini), na mkataba wa amani haujapatikana hadi leo. Tanga nayo ilipiganiwa Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulaya ilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918, jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki likaweka silaha chini tarehe 25, na mkataba wa amani wa Versailles ukasainiwa Juni 1919. Huko ndiko Ujerumani ilikovuliwa makoloni yake, wenyeji bila kuulizwa.

Ukisikia habari ya namna hii, tafuta maneno ya makubaliano yenyewe. Mara nyingi huchapishwa. Nani kasaini? Yana muda maalumu? Mipaka, mateka na kuondoka kwa majeshi vimetajwa? Mipaka isipotajwa, mazungumzo magumu bado yako mbele.