Kiungo wa Mexico kubaki ligi ya kwao sio kwamba alifeli

Kuna imani ya siku nyingi kwamba kiungo wa Mexico asipoenda Ulaya basi kiwango kiligoma, mbio tu hana mpira. Inaeleweka, maana mechi zao nyingi huku kwetu zinaangukia usiku wa manane hadi alfajiri, nani atakesha?

Ila ligi ya kule inalipa vizuri na klabu hazina haraka ya kuuza, kwa hiyo timu ya kawaida ya Ulaya ikija na ofa mara nyingi bei inaishinda, au mchezaji mwenyewe anaona mshahara utashuka, anabaki zake. Kombe la Dunia 1994, 1998 na 2002 Mexico ilivuka makundi mara zote tatu na kikosi kilijaa watu wa ligi ya ndani.

Ukitaka kucheki mwenyewe anza na takwimu, ila usijichanganye: kule mwaka mmoja una mashindano mawili, Apertura na Clausura, kila moja na bingwa wake, na siku hizi raundi za kawaida ni 17 tu kabla ya mtoano. Sasa mtu anaona "mechi 17" anasema jamaa alisugua benchi, kumbe kacheza zote! Afu angalia dakika alizocheza, magoli sio kazi ya kiungo mkabaji. Na kuna viwanja viko juu balaa, mji wa Toluca ni kama mita 2,660 toka usawa wa bahari, pumzi inakata. Klipu fupi hazionyeshi hayo, tafuta mechi nzima umfuatilie yeye tu wakati timu yake haina mpira.