Kurejea kwenye wastani: kwa nini kocha mpya huonekana mkombozi

Timu ikimaliza mechi tano bila ushindi, vijiwe vya Dodoma kuanzia Majengo hadi Nkuhungu hugawanyika pande mbili: kocha aondoke, au kocha apewe muda. Anayetaka aondoke huwa na ushahidi mkononi. Atakutajia timu iliyokuwa inachechemea, ikamtimua kocha wake, na baada ya wiki mbili ikaanza kuokota pointi. Na hadanganyi, matokeo yapo. Kinachohitaji kuchunguzwa ni sababu anayoyapa matokeo hayo. Kuna jambo la kihesabu linaloitwa kurejea kwenye wastani, na mtu akishalielewa, hawezi tena kubishana kuhusu kocha kwa namna ileile.

Chukua kitu chochote ambacho matokeo yake yanatokana na uwezo pamoja na bahati. Ukikipima siku kikiwa chini sana kuliko kawaida yake, kipimo kinachofuata mara nyingi kitakuwa karibu zaidi na ile kawaida. Ukikipima kikiwa juu sana, kinachofuata mara nyingi kitashuka. Hakuna aliyekisukuma. Ni kwamba bahati mbaya iliyorundikana mara moja si rahisi irundikane tena kwa kiasi kilekile. Mwingereza Francis Galton alilionyesha jambo hili mwaka 1886 kwa kulinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao. Wazazi warefu sana walizaa watoto warefu, lakini kwa wastani hawakuwafikia wazazi. Wafupi sana nao, watoto wao walisogea juu kidogo.

Mkulima wa mtama kule Bahi analijua jambo hili hata kama hajawahi kulipa jina. Mwaka wa ukame mkali anavuna debe chache, anaudhika, anabadilisha mbegu. Mwaka unaofuata mvua inanyesha kama kawaida na mavuno yanaongezeka. Mbegu mpya inaweza kuwa bora kweli, lakini msimu huo mmoja hautoshi kulithibitisha, kwa sababu hata ile ya zamani ingezaa zaidi baada ya ukame kupita.

Sasa tuweke hesabu kwenye mpira. Chukulia timu ya kati kwenye msimamo, ambayo katika kila mechi 100 hushinda 35, hutoka sare 28 na hufungwa 37. Timu ya namna hiyo hupata wastani wa pointi 1.33 kwa mechi, yaani kama pointi 40 katika msimu wa mechi 30. Uwezekano wa kukosa ushindi katika mechi moja ni asilimia 65. Kwa mechi tano mfululizo, zidisha 0.65 × 0.65 × 0.65 × 0.65 × 0.65, unapata karibu asilimia 12. Maana yake ukiikata safari ya timu hiyo vipande vya mechi tano tano, karibu kimoja katika kila tisa hakitakuwa na ushindi hata mmoja, bila beki kusahau kazi, bila mchezaji kugoma, bila kocha kupoteza mbinu. Msimu una vipande vingi vya aina hiyo ukianza kuhesabu kutoka mechi yoyote. Kwa hiyo kipindi cha njaa kitafika tu, na hata timu ambayo kiwango chake hakijashuka itakipitia.

Katika kipindi hicho kibaya timu itakuwa imeambulia pointi mbili hivi kutokana na sare. Mechi tano zinazofuata, ikiwa haijabadilika kwa lolote, inatarajiwa kupata kati ya sita na saba. Kutoka mbili hadi sita au saba! Hapo ndipo kocha mpya anapoingia. Makocha hawatimuliwi ovyo katikati ya msimu: hutimuliwa siku timu iko kwenye shimo lake la chini kabisa, kwa hiyo anayefuata hupokea timu ambayo tayari inatazamiwa kupanda. Angebaki yule wa zamani, sehemu kubwa ya kupanda huko ingeandikwa jina lake, na kijiwe kingesema amejirekebisha.

Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alilipima hili kwa ligi ya kwao ya miaka ya 1986 hadi 2004 na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Alifanya kitu ambacho mabishano yetu hayafanyi: pamoja na timu zilizofukuza makocha, alizitazama na zile zilizoporomoka vilevile lakini zikambakisha kocha. Zote ziliinuka, na zilizofukuza hazikuinuka zaidi ya zilizovumilia. Kwangu mimi hili kundi la pili ndilo lenye funzo lote, na ndilo ambalo hakuna shabiki anayelikumbuka, kwa sababu timu iliyoinuka na kocha wake yuleyule haileti habari.

Bahati si kitu pekee kinachochanganya hesabu. Ratiba nayo imo. Kwenye AFCON iliyochezwa Ivory Coast Januari na Februari 2024, Taifa Stars walifungwa na Morocco 3-0, kocha Adel Amrouche akasimamishwa, na Hemed Suleiman akashika timu. Ikafuata sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Kongo ya Kinshasa. Wengi tulisema timu imepata uhai. Lakini Morocco ndio waliokuwa wamefika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022. Kutoka kwa mpinzani wa namna ile kwenda kwa Zambia ni mteremko, awe nani kwenye benchi. Hemed na vijana wale walipambana na wanastahili sifa yao, ila mechi hizo tatu haziwezi kukuambia ni kiasi gani cha mabadiliko kilitoka kwa kocha.

Mashindano hayohayo yalitoa mfano ambao kila mtetezi wa kufukuza makocha huutaja. Wenyeji walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, wakamwondoa Jean-Louis Gasset, Emerse Faé akachukua timu na kutwaa kombe kwa kuifunga Nigeria 2-1 kwenye fainali. Siwezi kumnyang'anya Faé kazi yake. Lakini timu ile ilisubiri Morocco iifunge Zambia ndipo ipate kuvuka makundi, na dhidi ya Senegal ilisawazisha dakika za mwisho ikashinda kwa penalti. Na kikosi chenyewe kilikuwa na ubora wa juu sana kulinganisha na kipigo kile cha mabao manne. Timu iliyo mbali hivyo chini ya kawaida yake ina nafasi kubwa ya kurudi juu.

Kwa Yanga ushahidi uko karibu zaidi. Novemba 2024 walifungwa na Azam 1-0, kisha na Tabora United 3-1, na Miguel Gamondi, aliyewapa ubingwa msimu uliotangulia, akaondolewa. Mechi ya kwanza ya Sead Ramovic wakafungwa 2-0 na Al Hilal ya Sudan. Baadaye ushindi kwenye ligi ukarudi, Ramovic akaondoka Februari 2025, akaja Miloud Hamdi, na kombe la 2024/25 likabaki Jangwani. Makocha watatu katika msimu mmoja na bingwa ni yuleyule. Kikosi kilikuwa na kiwango chake, na kiwango hicho ndicho kilichoamua safari ndefu.

Kwa Walima Zabibu, yaani Dodoma Jiji, jambo hili lina uzito wake. Ni timu ya halmashauri ya jiji, na ilianza kucheza Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Kuvunja mkataba, kuleta benchi jipya la ufundi na kuanza upya mazoezi ni gharama, na hapa inahusu fedha zenye macho ya wananchi juu yake. Wakati mwingine sababu ya mwenendo mbaya haimhusu kocha hata kidogo. Februari 2025 basi la timu lilipata ajali mkoani Lindi likitoka kwenye mechi na Namungo, wachezaji wakaumia, na mchezo wao na Simba ukaahirishwa. Kumpima kocha kwa matokeo ya kipindi kama hicho ni kumwonea.

Yapo makosa ya kocha, na yanaonekana kabla hata ya kutazama msimamo. Timu inafungwa mabao ya aina moja mechi baada ya mechi. Wachezaji wanachoka dakika ya 60. Nafasi za wazi hazitengenezwi kabisa, tofauti na timu inayotengeneza nafasi nyingi na kuzipaisha. Isiyotengeneza nafasi ina tatizo la kazi, inayozipaisha mara nyingi inasubiri mpira uingie. Anayetaka kupima kwa haki asubiri mzunguko wa pili, maana kwenye ligi unakutana na mpinzani yuleyule mara mbili. Alinganishe pointi za kocha mpya na za yule wa zamani dhidi ya timu zilezile, akikumbuka nani safari hii yuko nyumbani, kwenye uwanja wa Jamhuri, na nani amesafiri.

Na hesabu hii inafanya kazi upande wa juu pia. Kaimu kocha anashinda mechi nne mfululizo, mashabiki wanaimba jina lake, uongozi unampa mkataba kamili siku timu iko kileleni mwa bahati yake. Kisha zinakuja sare, kinakuja kipigo cha nyumbani, na wale walioimba wanasema mkataba umemlevya, wakati timu imerudi tu mahali ilipokuwa siku zote.