Chakula cha uani hakimzuii ndege kuhama

Kila majira ya baridi naulizwa swali lile lile. Mtu kaona uani ndege asiyemfahamu, sasa anataka kuondoa chombo cha kulishia ili mgeni ashike njia, maana kasikia kwamba chakula cha bure ndicho kilichomfanya asihame. La hasha! Kiacheni chombo hicho mahali pake.

Kinachowasukuma ndege wengi kuhama ni hasa urefu wa mchana. Ukianza kufupika, ubongo wa ndege huhisi mabadiliko ya mwanga, homoni hubadilika, naye hula kupita kiasi, hunenepa na kuondoka. Mbayuwayu wa Ulaya huanza safari ya Afrika wadudu wangali wengi. Tena wahamaji wakifungiwa tunduni na chakula tele, msimu ukifika hurukaruka usiku, wakielekea upande ule ule walikokwenda wenzao. Shibe ingekuwa kizuizi, hao wangelala.

Basi mgeni wako katoka wapi? Huenda ni ndege mchanga wa mwaka huu aliyekosea mwelekeo, au kapeperushwa na upepo. Huenda miti ya kaskazini haikuzaa mbegu za kutosha, ndipo jamii za chiriku wa huko wakashuka kwa makundi. Ukimnyima chakula huenda asihame, bali afe njaa, kwa kuwa usiku mmoja wa baridi kali humaliza karibu mafuta yote ya ndege mdogo.

Wapo wanaonitajia Sylvia atricapilla, ndege mdogo wa Ulaya ambaye dume wake ana utosi mweusi, kama mfano wa ndege aliyezuiwa na chakula. Kweli, tangu miaka ya 1960 wameongezeka wanaotoka Ulaya ya Kati kwenda Uingereza wakati wa baridi badala ya kusini, na chakula cha bustanini kimechangia. Lakini hao nao wanahama! Wamebadili njia tu, na mwelekeo huo makinda huurithi kwa wazazi.

Rangi ngeni nayo si ushahidi wa spishi ngeni. Wengi hubadili manyoya baridi ikikaribia, na mabaka meupe mara nyingi ni hitilafu ya rangi tu. Tazama mdomo kwanza, kisha umbo, rangi mwisho. Na piga picha kabla hujakimbilia darubini.

Je, wahofia miguu ya ndege kugandia kwenye chuma cha chombo wakati wa baridi? Haina tezi za jasho, kwa hiyo ni mikavu na haigandi kirahisi.

Hatari ya kweli ni uchafu, kwa sababu bakteria wa salmonela huenea pale ndege wanapokula pamoja. Osha chombo kila wiki, kianike kikauke kabisa, ndipo utie mbegu.