Kunguni muuaji: sumu yake, mawindo yake, na jinsi ya kukaa naye Lubumbashi

Kila mwaka mvua za kwanza zinapoanguka Lubumbashi, kuelekea mwezi wa Novemba, watu huanza kutuletea wadudu. Wanakuja na chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, kopo la maziwa, au picha kwenye simu. Wengi hutoka Katuba, Ruashi, Kampemba na zile parsela (viwanja vya nyumba) mpya za Annexe, ambako nyumba zimeingia msituni na vichuguu bado vimesimama kati ya kuta. Anayeuliziwa sana ni mdudu mweusi au wa kahawia, mara nyingi mwenye mabaka mekundu au ya manjano, kichwa chembamba chenye shingo, na mdomo uliopinda kuingia chini ya kichwa. Swali ni lilelile: huyu anaua?

Haui mtu. Lakini ana sumu, anauma vibaya, na aliyeumwa naye hasahau. Nimeandika makala haya kueleza sumu hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu mwenye kuielewa hatamwogopa mdudu huyu kupita kiasi, wala hatamshika ovyo.

Wataalamu humweka katika familia ya Reduviidae. Kwa Kiswahili tunamwita kunguni muuaji. Aina zilizokwisha kuelezwa duniani zinakaribia 7,000, na Afrika inazo tele. Ni jamaa wa kunguni wa kitandani, wa nyenze, na wa vidukari wanaonyonya majani ya maharagwe. Ukoo huu wote hauna meno ya kutafunia. Una mdomo wa kuchoma na kufyonza. Mababu zao walikuwa wakinyonya maji ya mimea. Baadhi yao wakageukia nyama, na mate yaliyokuwa ya kunyonyea mimea yakabadilika, kizazi baada ya kizazi, hadi yakawa sumu.

Mdomo wa kunguni muuaji ni mfupi, mnene, wa pingili tatu. Ndani yake mna nyuzi ngumu zilizobanana na kuacha mifereji miwili: mmoja unapeleka sumu, mwingine unaleta chakula. Anapopumzika, ncha ya mdomo hukaa katika mfuo ulioko kifuani, na mfuo huo una mistari myembamba iliyopangana. Ukimshika kwa koleo ataisugua ncha hiyo kwenye mistari, na ukitega sikio utasikia mkwaruzo mwembamba. Hilo ni onyo. Mwenye kulisikia aache.

Ukitaka kuona sumu ikifanya kazi, mtazame akiwinda. Aina za jenasi (kundi la aina za karibu) ya Rhynocoris ni za kawaida katika mashamba ya Afrika, nazo huwinda mchana, kwa hiyo hata asiye na maabara anaweza kuziona. Akiwa juu ya jani la mhindi na kiwavi yuko mbele yake, kwanza hafanyi kitu. Vipapasio vyake tu ndivyo vinavyosogea. Anapiga hatua, anasimama. Anapiga nyingine. Akifika karibu anarusha miguu ya mbele, anamkumbatia kiwavi, na ncha ya mdomo inatafuta mahali laini, mara nyingi nyuma ya kichwa au kati ya pingili mbili. Kiwavi anajikunja, anatetemeka, kisha analegea, na yote hayo hayachukui muda mrefu. Baada ya hapo kunguni hana haraka tena. Anachomoa mdomo, anachoma pengine, anarudi alipoanzia, na kila anapochoma anaacha vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama ndani ya ngozi ya kiwavi. Anachofyonza ni kimiminika. Mwishoni hubaki ngozi tupu iliyokunjamana na kichwa chake, na aliyeliwa pengine alikuwa mrefu kuliko mlaji.

Kinachomlegeza kiwavi ni protini ndogo ndogo zinazoingilia neva. Mojawapo, iitwayo Ptu1, ilipatikana katika kunguni muuaji wa Asia, Peirates turpis. Huziba njia ambazo chembe za kalisi hupitia ili neva ipeleke ujumbe. Ujumbe usipopita, misuli haipati amri, na mawindo hayawezi kukimbia wala kujitetea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni la ajabu kuliko yote katika mdudu huyu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, wakiongozwa na Andrew Walker, walichapisha uchunguzi wao juu ya kunguni muuaji wa kwao, Pristhesancus plagipennis. Waligundua kwamba tezi yake kuu ya sumu ni kama nyumba yenye vyumba viwili na mlango mmoja. Chumba cha nyuma kina sumu ya kuwinda: walipowachoma nyenje nayo, walipooza. Chumba cha mbele kina sumu nyingine, yenye protini tofauti, ambayo haikuwapoozesha nyenje hao. Na mdudu alipobughudhiwa, aliyotoa ni ile ya chumba cha mbele. Kwa maneno mengine, ana sumu ya kupatia chakula na sumu ya kujilinda, na anachagua ipi aitoe kulingana na aliye mbele yake.

Hilo linaeleza mengi tunayoyasikia kwa walioumwa. Mtu si chakula chake. Anayemuuma mtu anajitetea dhidi ya kiumbe kikubwa, kama ambavyo angejitetea dhidi ya ndege au mjusi, na katika kujitetea silaha inayofaa ni maumivu. Ndiyo maana karibu kila aliyeumwa alikuwa amembana bila kujua: alivaa kiatu kilicholala nje, alimlalia kwenye shuka, alikamata kuni au fungu la makala ya kupikia alilojificha ndani yake, au ni mtoto aliyemfumba kiganjani. Maumivu huja palepale, makali, ya kuchoma. Mahali huvimba na kuwa pekundu, na kwa watu wengi hupungua ndani ya saa chache, ingawa uvimbe au muwasho unaweza kubaki siku kadhaa.

Kuna wengine hawahitaji hata kumgusa mtu. Jenasi ya Platymeris, ambao ni wakubwa, weusi, wenye madoa ya machungwa au meupe mgongoni, hutema sumu. Mwaka 1961 mwanasayansi J. S. Edwards alieleza jinsi Platymeris rhadamanthus wa Afrika Mashariki anavyorusha matone ya mate hadi sentimeta 30, akielekeza upande ule anakosumbuliwa. Yakiingia jichoni au puani huleta maumivu makali na uvimbe wa kope na wa ngozi laini ya ndani ya pua. Nawaomba sana wazazi kuhusu hili. Watoto wakimtia kunguni ndani ya chupa, kitu cha kwanza wanachofanya ni kusogeza uso ili wamwone vizuri.

Akishakuuma, osha mahali hapo kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Paracetamol inatosha kwa maumivu ya kawaida. Usichanje, usinyonye kwa mdomo, usifunge kamba, na jiwe jeusi la kunyonyea sumu liache: sumu ilishaingia, na kidonda kipya kitakuletea usaha usiokuwapo. Kama mate yameingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, jicho likiwa wazi, kisha nenda kituo cha afya hata kama maumivu yamepungua. Dawa ya majani, maziwa ya mama au mafuta visitiwe jichoni. Na mtu yeyote anayeanza kuvimba uso au midomo, kutoka mabaka mwili mzima, kuhema kwa shida au kuzimia baada ya kuumwa, huyo apelekwe hospitali mara moja. Huo ni mzio, na mzio unaweza kuua hata pale sumu yenyewe isipoweza.

Hofu nyingine inatoka kwenye simu. Kuna ujumbe unaozunguka ukisema kunguni hawa huleta ugonjwa unaoharibu moyo kimyakimya kwa miaka. Ugonjwa huo upo, ni Chagas, uliogunduliwa na daktari Carlos Chagas nchini Brazili mwaka 1909. Wanaoueneza kweli ni wa familia hii ya Reduviidae, lakini ni tawi lake lingine, Triatominae, wanaokunywa damu, na karibu wote wanaishi katika bara la Amerika. Kimelea chenyewe, Trypanosoma cruzi, hutoka katika kinyesi cha mdudu na kuingia pale mtu anapojikuna au kufikicha jicho. Hata mate yao yamekwenda njia tofauti: mnywaji wa damu huuma bila maumivu, maana aliyelala akiamka, mlo umekwisha. Kwa hiyo ukiumwa usiku ukaruka kitandani kwa uchungu, hiyo yenyewe ni dalili kwamba aliyekuuma hakuwa akinywa damu yako. Kwetu Kongo ugonjwa wa jamaa ya kimelea hicho ni malale, na anayeueneza ni mbung'o, nzi mwenye kuuma. Kunguni muuaji hahusiki nao.

Shambani sura yake inabadilika kabisa, na hapa nitasema wazi niko upande wake. Viwavijeshi vamizi waliingia Afrika mwaka 2016, na wakulima wa mihindi wa mkoa wetu wa Haut-Katanga hawahitaji kuelezwa walichofanya. Nchini Ghana watafiti waliokagua mihindi iliyoshambuliwa walikuta aina mbili za kunguni wauaji, Haematochares obscuripennis na Peprius nodulipes, miongoni mwa wadudu wanaowala viwavi hao. Anayenyunyiza dawa kali shamba zima anaua viwavi na wawindaji wao pamoja. Viwavi hurudi upesi, kwa kuwa nondo mmoja hutaga mamia ya mayai, ilhali kunguni muuaji hukua polepole. Hutoka katika yai akiwa tayari na sura ya kunguni, bila mbawa, na hujivua ngozi mara tano kabla ya kuwa mkubwa. Kwa aina kubwa safari hiyo ni ya miezi.

Sidai kwamba ni rafiki wa mkulima katika kila jambo. Hachagui. Atakula nyuki aliyetua kwenye ua, na atakula vinkubala, viwavi wa kuliwa, ambao mama alitegemea kuwauza sokoni. Platymeris waliwahi kupelekwa hadi visiwa vya Pasifiki kupambana na mbawakawa wanaoharibu minazi, na matokeo hayakuwa makubwa kama ilivyotarajiwa. Faida yake ni ya kuwa mmoja kati ya wengi, pamoja na buibui, siafu, nyigu na ndege.

Ukiwa na bustani ya bamia, chunguza pia wale wadudu wekundu wenye alama nyeusi wanaokusanyika kwenye matunda. Wengi wao ni Dysdercus, wanyonyaji wa mbegu na waharibifu wa pamba. Lakini kati yao anaweza kuwamo Phonoctonus, kunguni muuaji aliyevaa rangi zilezile na kuishi ndani ya kundi, akiwala mmoja mmoja. Ukimwona mmoja ameshika mwenzake na kumfyonza, mdomo wake ukiwa mfupi na umepinda, huyo mwache.

Wengine hujificha kwa njia isiyofikirika. Acanthaspis petax, aliyechunguzwa karibu na Ziwa Victoria, huwala siafu na chungu akiwa mdogo, kisha hubandika mizoga yao mgongoni hadi rundo linakuwa kubwa kuliko yeye. Robert Jackson na Simon Pollard walionyesha mwaka 2007 kwamba buibui warukao huwashambulia kidogo sana walio na mzigo kuliko walio uchi. Kuna tawi jingine zima linaloishi kwa kula jongoo. Na katika Rhynocoris tristis wa Afrika Mashariki, baba ndiye anayelinda mayai: husimama juu yake akifukuza nyigu wadogo wanaotaka kutaga ndani yake, huku naye akila baadhi ya yale ya pembeni kwa sababu kuondoka kwenda kuwinda kungeyaacha peke yake. Ukikuta kishada cha mayai kwenye jani na kunguni amesimama juu bila kukimbia unapokaribia, hajashikwa na ugonjwa. Yuko kazini, na atauma akiguswa.

Nyumbani mambo ni rahisi. Anaingia kwa sababu ya taa, akifuata wadudu walioifuata taa kabla yake. Balbu ya mlangoni ikiwa ya manjano badala ya nyeupe, wadudu hupungua. Wavu wa dirishani usiwe na tundu, na chandarua kichomekwe chini ya godoro, jambo ambalo malaria inatudai hata hivyo. Kung'uta viatu na nguo zilizolala nje. Kuni na makala visirundikwe ukutani kwenye chumba cha kulala, na anayevipanga avae glavu au atumie koleo.

Akishaingia, usimpige kwa kiganja na usimkamate kwa vidole hata ukivifunika kwa kitambaa, kwa maana mdomo wake unapenya kitambaa. Mfunike kwa glasi, ukiweka uso mbali, pitisha karatasi ngumu chini yake polepole, mpeleke mwisho wa parsela penye majani, kisha weka glasi chini ikielekea upande mwingine na uondoke. Akitoka mwenyewe ndipo urudi kuchukua glasi yako, na uioshe kwa sabuni.